Bakuli la Maskini na Nyota Inayongojewa

(Hotuba kwa wanafunzi na walimu wa sayansi, Bagamoyo, Julai 2025)

Assalaam aleikum, na habari za jioni walimu wangu, wazazi wangu, na ninyi vijana mlioacha kulala mkaja kukaa mikekani na baridi hii ya kipupwe.

Kabla sijaanza, naomba wote mgeukie kaskazini. Mkono wa kushoto mnaiona nyota kali yenye rangi ya chungwa: hiyo ni Arcturus. Mkono wa kulia, chini zaidi, kuna nyeupe inayometameta: hiyo ni Vega. Sasa ondokeni Arcturus kuelekea Vega, na mkifika kama theluthi ya safari, simameni. Pana nyota saba zilizojipinda nusu duara, moja imezizidi wenzake kwa mng'ao. Wazungu wanaliita kundi hilo Taji la Kaskazini. Waarabu waliliita al-Fakka, kwa kuwa duara lenyewe limevunjika, na jina hilo ndilo lililobaki katika ile nyota kali, Alphecca. Tena walilipa jina lingine ninalolipenda zaidi: Qas'at al-Masakin, bakuli la maskini, bakuli lililomegeka ukingo. Watu wa Ulaya hulitazama mdomo ukiwa juu. Sisi wa kusini ya ikweta tunalikuta limefunikwa, kama bakuli lililooshwa likawekwa kwenye uchanja likauke.

Upande wa kulia wa bakuli hilo, nje kidogo ya ukingo, hamwoni kitu. Pana giza tu. Lakini nyota ipo pale, na ndiyo iliyoniita hapa leo. Inaitwa T ya Taji la Kaskazini, kwa kifupi T. Mng'ao wake sasa ni wa daraja la 10, na jicho la mtu kwenye giza zuri linaishia daraja la 6, maana nambari ya daraja ikipungua, nyota inang'aa zaidi. Siku moja, bila kupiga hodi, itapanda mpaka daraja la 2 kwa muda wa saa chache, ilingane na Alphecca. Itakaa hivyo siku kadhaa, haitamaliza wiki moja kabla ya kupotea tena machoni. Ilifanya hivyo tarehe 12 Mei 1866. Ikafanya tena Februari 1946. Hesabuni wenyewe: kati ya mara ile na ile imepita miaka 80 kasoro miezi michache. Na tangu 1946 mpaka leo?

Ndiyo. Tumo ndani ya muda wake.

Najua nikisema kubashiri nyota wengine wanafikiri habari za kupiga ramli na kusomewa nyota ya bahati. Hayo ni ya unajimu, nami sina habari nayo. Ninachozungumzia ni elimu ya falaki, na wazee wetu walikuwa nayo. Nani hapa hajasikia kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua? Yule mkulima aliyetazama Kilimia kikitua magharibi akajua jembe lishikwe lini hakupagawa na chochote. Alikuwa na mababu waliotazama mwaka baada ya mwaka, wakakumbuka, wakasimuliana. Kubashiri mlipuko wa nyota ni kazi ya aina hiyohiyo, ila ni ngumu zaidi, kwa sababu Kilimia hurudi kila mwaka na T hurudi mara moja katika umri wa mtu.

Kwanza tuelewe inalipukaje. T si nyota moja, ni mbili, zinazungukana kwa siku 228 hivi, umbali wa miaka ya nuru 3,000 kutoka hapa. Mmoja ni jitu jekundu, nyota iliyozeeka ikavimba. Mwenzake ni kibete cheupe: kiini cha nyota iliyokwisha kufa, kimeshindiliwa mpaka kikawa na ukubwa wa karibu na dunia hii, lakini uzito wake unazidi wa jua. Kibete hicho kina mvuto mkali, kinamnyonya jitu. Haidrojeni inamwagika kutoka kwa jitu, inazunguka, inatua juu ya kibete. Haba na haba hujaza kibaba. Tabaka linanenepa, uzito unalibana, joto linapanda, mpaka siku ile chini ya tabaka moto wa nyuklia unashika, na tabaka lote linarushwa angani kwa kishindo. Hiyo ndiyo nova. Kibete chenyewe hakifi. Vumbi likitulia, kinaanza tena kunyonya, na miaka 80 mingine inaanza kuhesabiwa.

Hapa niseme neno juu ya kijana mmoja. Mwaka 1930 Subrahmanyan Chandrasekhar, Mhindi wa miaka 19, alipanda meli Bombay kwenda kusoma Uingereza. Alipokuwa safarini alifanya hesabu za vibete vyeupe, akagundua kwamba vina kikomo: kibete hakiwezi kubeba zaidi ya uzito wa jua moja na nusu kasoro kidogo, yaani kama 1.4. Kikizidi hapo hakihimili. Meli ile ilikata Bahari ya Uarabuni, bahari ileile ambayo majahazi yetu yamekwenda na kusi na kurudi na kaskazi tangu enzi. Wakubwa wa fani walimpinga kwa miaka mingi, na mwaka 1983 akapewa tuzo ya Nobel. Ninalisema kwa sababu vipimo vya kibete cha T vinakiweka karibu sana na kikomo hicho, kwenye 1.37 hivi. Huenda siku moja ya mbali kikavuka, na hapo hakitarusha tabaka tu, kitalipuka chote. Hiyo itakuwa supanova. Tusichanganye mambo haya mawili: nova ni mtu kukohoa, supanova ni mtu kufa.

Sasa, wanajuaje kwamba wakati umekaribia? Mtaalamu wa Marekani, Bradley Schaefer, alikaa na rekodi za T za zaidi ya karne moja, makadirio ya mng'ao yaliyoandikwa na maelfu ya watu, wengi wao si wataalamu wa kuajiriwa. Akaona kwamba miaka kama kumi kabla ya 1946, T ilipanda mng'ao kidogo ikakaa hapo. Halafu, kama mwaka mmoja kabla ya kulipuka, ikafifia. Mwaka 2015 ikapanda tena. Mwaka 2023 ikafifia. Schaefer akasema: mlipuko utakuja mwaka 2024. Vyombo vya habari vikalipokea, watu wakajiandaa, na mwaka 2024 ukapita nyota imenyamaza. Wapo waliokuja na tarehe nyingine, waliopiga hesabu za mzunguko wa siku 228. Tarehe moja ilikuwa mwezi Machi mwaka huu. Nayo imepita.

Baadhi yenu mnacheka. Mimi sicheki. Milipuko ya T tuliyoishuhudia kwa uhakika ni miwili tu. Schaefer mwenyewe amechimba rekodi akapata dalili za mwingine wa 1787, na maandishi ya mtawa wa Kijerumani aliyeona nyota ya ajabu katika kundi hilohilo mwaka 1217. Hata tukizikubali zote, ni mara nne. Ukimwona mgeni anapita kwako mara nne katika miaka 800, utaweza kusema safari ya tano atagonga mlango siku gani? Utasema atakuja karibuni, utaacha taa inawaka, na hapo umesema ukweli wote ulio nao. Kwa maoni yangu, aliyesema “kati ya sasa na miaka michache” amefanya sayansi nzuri, na aliyetaja tarehe amejaribu bahati.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kukesha zamu. Leslie Peltier alikuwa mkulima wa Ohio, Marekani, mtu wa shamba aliyeanza kwa darubini aliyoinunua kwa fedha za kuchuma matunda. Alikuwa ameitazama T kwa miaka 25 na ushei, usiku kwa usiku, akiandika: bado, bado, bado. Alfajiri moja ya Februari 1946 saa ilimwamsha saa nane na nusu. Akaamka, akaona mafua yanamnyemelea, baridi kali nje, akarudi kitandani. Alfajiri hiyo ndiyo T iliyolipuka. Baadaye aliandika kwamba kosa ni lake, lakini kati yake na nyota ile ule urafiki haukuwapo tena. Nimemsoma mara nyingi na kila mara moyo unaniuma kwa ajili yake.

Na ni nani walioiona? Katika Muungano wa Kisovieti alikuwa Kamenchuk, mlinzi wa njia ya reli, mtu ambaye kazi yake ni kutembea usiku akikagua mataruma. Huko Newport, Wales, alikuwa mvulana wa miaka 15 aliyetazama nje ya dirisha la chumba chake. Miaka 80 kabla yao, mwaka 1866, alikuwa John Birmingham wa Tuam, Ireland, akirudi nyumbani usiku wa manane kutoka kwa rafiki. Mnasikia, vijana? Mlinzi wa reli, mtoto wa shule, na mtu anayerudi nyumbani. Wote watatu walikuwa na kitu kimoja: walilijua anga kiasi cha kutambua kwamba pameongezeka nyota. Huwezi kumtambua mgeni mtaani kama huwajui wenyeji.

Supanova ni habari nyingine, nitaigusa kwa mfano mmoja. Nyota kubwa, yenye uzito wa jua mara nane au zaidi, huishi kwa kuchoma: haidrojeni, kisha heli, kisha kaboni, inakwenda hivyo mpaka kiini kinakuwa chuma. Chuma hakitoi nishati ukikichoma. Kiini kinakosa cha kukishikilia, kinaporomoka kwa muda usiofika sekunde moja, na katika mporomoko huo zinatoka nyutrino zisizo na idadi, chembe ndogo zinazopita katika dunia nzima kama vile haipo. Nuru hutoka baadaye, kwa sababu mshindo unahitaji saa kadhaa kupenya tumbo la nyota mpaka usoni.

Mwaka 1987, Jumatatu tarehe 23 Februari, hapa kwetu saa nne na dakika 35 asubuhi, watoto wakiwa darasani, nyutrino za nyota iliyokufa katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo (yaani kusanyiko la nyota) iliyo jirani na yetu, zilipita Afrika Mashariki na dunia yote. Zilisafiri miaka 168,000 hivi kufika. Kila aliyekuwa hai asubuhi ile zilimpenya kwa mabilioni, hakuna aliyehisi kitu. Katika mgodi wa Kamioka, Japani, palikuwa na tangi kubwa la maji lililojengwa kwa utafiti mwingine kabisa. Likanasa 11. Tangi la mgodi wa chumvi Ohio likanasa 8, na la milima ya Kaukasi 5. Ishirini na nne kwa jumla. Walizikuta baadaye kwenye kanda za rekodi, baada ya habari za nyota kuwafikia.

Nyota yenyewe ilionekana usiku uliofuata katika milima ya Las Campanas, Chile. Ian Shelton, Mkanada, alipiga picha ya Wingu la Magellan kwa darubini kuukuu, akaisafisha picha, akaona doa kubwa pasipostahili. Akadhani ni kasoro ya picha. Akafungua mlango, akatoka nje, akainua macho. Halikuwa kasoro. Alipokwenda kuwaambia wenzake kwenye darubini nyingine, mwendeshaji wa mitambo, Oscar Duhalde, akasema naye ameiona alipotoka nje kunyoosha miguu. Kazi ikambana akasahau kusema. Nyota iliendelea kung'aa, na mwezi Mei ilifika karibu na daraja la 3. Ilikuwa ikionekana hapa Bagamoyo kwa macho, upande wa kusini. Mzazi yeyote hapa aliyekuwa mkubwa mwaka ule huenda aliitazama bila kujua anatazama nini.

Tangu hapo mambo yamebadilika. Leo matangi ya nyutrino ya nchi mbalimbali yameunganishwa ili kiini cha nyota kikiporomoka katika Njia Nyeupe, galaksi yetu, tahadhari iende duniani kote kabla ya nuru kufika. Hiyo ni mara ya kwanza binadamu kuwa na kengele ya kweli ya supanova, ingawa inalia saa chache tu mapema. Na Betelgeuse, ile nyekundu ya kundi la Orioni iliyofifia sana mwishoni mwa 2019 watu wakapiga mayowe kwamba inakufa? Lilikuwa wingu la vumbi iliyolitema yenyewe. Inaweza kungoja miaka 100,000 bado.

Lakini ipo supanova moja iliyobashiriwa barabara, na kila nikiieleza nasisimka. Mwaka 1964 Mnorwei Sjur Refsdal aliandika kwamba mvuto wa galaksi unaweza kupinda nuru ya supanova iliyo nyuma yake, ikatufikia kwa njia kadhaa zenye urefu tofauti, kama watu wanaotoka Chalinze kuja hapa, mmoja akapita Msata, mwingine akazungukia Dar es Salaam. Habari ni moja, ila mmoja atachelewa. Mwaka 2014 Patrick Kelly aliikuta supanova ya namna hiyo katika picha za darubini ya Hubble, imejitokeza mara nne kuizunguka galaksi moja. Wataalamu wakakaa chini, wakachora ramani ya mvuto wa kundi zima la galaksi, wakasema: bado kuna njia nyingine, ndefu zaidi, mlipuko huohuo utaonekana tena mahali fulani mwishoni mwa 2015 au mapema 2016. Hubble ikawa inatazama hapo. Tarehe 11 Desemba 2015 ikaonekana, palepale. Walikuwa wamemjua mgeni kwa sababu walishaonana na nduguye aliyepita njia fupi.

Mwezi uliopita huko Chile wametoa picha za kwanza za Darubini ya Rubin, yenye kamera ya megapikseli 3,200. Itapiga picha anga lote la kusini tena na tena kwa miaka 10, na kila usiku itatoa taarifa za mabadiliko kwa mamilioni. Mtu anaweza kuuliza: basi mimi wa Bagamoyo natakiwa wa nini? Swali zuri. Jibu langu la kwanza ni Víctor Buso, fundi vitasa wa Rosario, Argentina. Septemba 2016 alikuwa juu ya paa lake anajaribu kamera mpya. Akailenga galaksi moja iliyokuwa juu ya kichwa, akapiga picha fupifupi kwa saa moja na nusu. Katikati ya picha hizo supanova ikawaka. Alinasa mwanga wa mwanzo kabisa wa mlipuko, ambao wataalamu walikuwa wameutafuta miaka na miaka.

Jibu la pili ni mahali tulipo. Saa moja na nusu jioni hapa ni giza, na mwezi huu wa Julai, Ulaya jua bado linawaka na Marekani ni mchana. T ikilipuka jioni ya kwetu, miongoni mwa watakaokuwa na nafasi ya kuiona mwanzo ni sisi na watu wa Bahari ya Hindi. Tena kutoka hapa tunaona Taji la Kaskazini na Wingu la Magellan pia, mbingu za pande zote mbili. Mtu wa London halioni Wingu hilo maisha yake yote.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi ya lile la Peltier. Mwishoni mwa Aprili 1006 ililipuka supanova iliyong'aa kuliko zote katika kumbukumbu za wanadamu. Ali ibn Ridwan wa Misri aliandika kwamba ilikuwa kubwa kuliko Zuhura mara mbili na nusu au tatu, na mbingu iliangaza kwa nuru yake. Wachina waliandika. Huko Misri ilikuwa chini, karibu na upeo. Kwenye pwani hii ingekuwa juu sana, upande wa kusini. Mwaka huo Shanga, kule kisiwani Pate, palikuwa na watu, na msikiti. Aliyetoka kuswali isha, kama mawingu ya masika yalimpa nafasi, aliiona. Ilidumu miezi, kwa hiyo mawingu yasingeweza kuificha kila siku. Lazima walizungumza juu yake. Hatuna mstari hata mmoja.

Basi leo tuandike. Daftari hili nimelianza mwaka 2023, lina kurasa nyingi zenye neno moja: haijalipuka. Neno hilo ni data. Schaefer alijenga kazi yake juu ya maneno kama hayo. Namna ya kufanya ni rahisi: unaitazama T kwa darubini, unatafuta jirani anayeng'aa kuizidi kidogo na jirani aliyefifia kuizidi, mng'ao wa majirani umeandikwa kwenye ramani, unakadiria T iko wapi kati yao. Unaandika tarehe, saa, na nambari. Usiku ambao huna darubini, unalitazama bakuli kwa macho na kuandika kama pana nyota mpya au hapana. Chama cha watazamaji cha AAVSO cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1911, kinapokea taarifa kutoka kwa mtu yeyote duniani, bila kuuliza cheti.

Mwezi hautachomoza mpaka usiku wa manane. Mwalimu, naomba taa ya ukumbi izimwe. Darubini ya inchi nne iko pale chini ya mnazi, imeshalengwa; pangeni foleni, wadogo mbele. Kila mmoja akitoka aseme nambari aliyoiona, wala asimsikilize aliyemtangulia. Wewe binti uliyeshika kalamu, ndiwe utakayeandika. Anza na saa: tatu na dakika ishirini na tano.